Kima, Panya na Simu: Historia ya Majaribio ya Wanyama Kuhusu Mawimbi ya Simu za Mkononi, Ikitazamwa Kutoka Kigali

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya majaribio ya wanyama wa maabara kuhusu athari za mawimbi ya simu za mkononi, na kuitazama historia hiyo kutoka Kigali, mji ulioipokea simu ya mkononi mwaka 1998. Hoja yake ni kwamba mpaka wa usalama unaomlinda mtumiaji wa simu ulitokana na tabia ya wanyama waliopashwa joto maabarani, na kwamba matokeo ya majaribio yaliyofuata hupotoshwa yanaposafirishwa bila mambo matatu: kiasi cha mawimbi aliyopewa mnyama, aina ya mnyama, na daraja la uhakika wa matokeo. Makala yanaonyesha jinsi msamiati wa Kiswahili, hasa maneno mionzi na panya, unavyoweza kuyaficha mambo hayo, na yanahitimisha kwa kueleza kazi inayowasubiri watafiti wa eneo hili.

1.0 Utangulizi

Historia ya simu za mkononi nchini Rwanda imezoeleka kusimuliwa kama historia ya biashara na maendeleo. Msimulizi huanza na MTN Rwandacell mwaka 1998, miaka minne tu baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Huwataja wachuuzi wa Tuvugane, waliozunguka na simu ili asiye na simu alipie dakika chache za mazungumzo. Hupitia kuundwa kwa mamlaka ya udhibiti, RURA, kwa sheria ya mwaka 2001. Kisha hufika kwenye huduma ya kutuma fedha kwa simu iliyoanza mwaka 2010. Simulizi hilo ni la kweli, lakini lina pengo. Halielezi ni kwa msingi gani chombo kinachotoa mawimbi ya redio kiliruhusiwa kugusana na sikio la mwanadamu, wala ni nani aliyetangulia kupimwa ili kiruhusiwe.

Waliotangulia ni wanyama. Kila simu iliyouzwa Kigali kwa kufuata kanuni za kimataifa imebeba ndani yake mpaka wa kiasi cha nishati ambacho mwili unaweza kufyonza, na mpaka huo una asili yake katika vizimba vya maabara. Mtu anapouliza kama simu huleta saratani, majibu mawili yanayomfikia kwa kawaida, moja la kutisha na jingine la kutuliza, yote mawili hutegemea wanyama hao. Kuijua historia yao ni sharti la kuyapima majibu hayo.

2.0 Mawimbi ya Kigali Kabla ya Simu ya Mkononi

Kigali haikuanza kuishi na mawimbi ya redio mwaka 1998. Tangu mwaka 1965 hadi Machi 2015, eneo la Kinyinya lilikuwa na kituo cha Deutsche Welle cha kurushia matangazo ya masafa mafupi kuelekea sehemu nyingi za Afrika, yakiwamo matangazo ya Kiswahili. Kituo hicho kilitumia mitambo ya kilowati 250. Simu ya GSM ya masafa ya megahezi 900, aina iliyoanza kutumika Kigali, hutoa kwa wastani usiozidi robo moja ya wati wakati wa mazungumzo. Kwa hesabu hiyo, mtambo mmoja wa Kinyinya ulikuwa na nguvu mara milioni moja kuliko simu moja.

Hata hivyo, mjadala wa afya duniani ulishika moto zaidi kwa sababu ya simu kuliko mitambo ya aina hiyo, na kulikuwa na sababu ya kifizikia. Nguvu ya mawimbi hupungua haraka kadiri mtu anavyokwenda mbali na chanzo: umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu hubaki robo. Mtambo wa redio ulikuwa mkubwa lakini ulikuwa mbali. Simu ni ndogo lakini hubanwa sikioni. Swali lililozaliwa na simu, kwa hiyo, halikuwa swali la ukubwa wa chanzo. Lilikuwa swali la ukaribu, na la kiasi cha nishati kinachobaki ndani ya tishu.

Kiasi hicho hupimwa kwa wati kwa kila kilo ya mwili. Kipimo hiki ndicho uti wa mgongo wa historia nzima inayofuata.

3.0 Mpaka Uliotokana na Mnyama Aliyeacha Kazi

Hofu ya kwanza ilitokana na rada. Baada ya Vita Kuu ya Pili, majeshi yalikuwa na askari na mafundi waliofanya kazi karibu na mitambo ya mawimbi mafupi sana, na maabara za Marekani zikaanza kuwaweka wanyama katika mawimbi hayo. Majaribio yaliyokuja kuwa na uzito mkubwa kuliko mengine yalifanywa katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, yakiwamo ya John de Lorge katika maabara ya Jeshi la Majini la Marekani huko Pensacola, Florida. Panya na kima walifunzwa kubonyeza kitufe ili wapate chakula. Walipokwisha kuizoea kazi hiyo, waliwekewa mawimbi, na nguvu ya mawimbi ikaongezwa hatua kwa hatua. Ilifika mahali mnyama akapunguza kasi au akaiacha kazi, ingawa alikuwa na njaa. Joto la mwili wake lilikuwa limepanda kwa takriban digrii moja ya Selsiasi.

Mahali hapo palikadiriwa kuwa wati 4 kwa kilo. Kiwango cha Marekani cha mwaka 1982 kilikichukua kipimo hicho kuwa kizingiti cha madhara. Mwaka 1998 Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi Isiyoayonisha, ICNIRP, ilitoa mwongozo uliofuata mantiki hiyo hiyo: wati 4 ziligawanywa kwa 10 ili kuwakinga wafanyakazi, zikabaki wati 0.4, na ziligawanywa kwa 50 ili kuwakinga watu wote, zikabaki wati 0.08 kwa kilo kwa mwili mzima. Kwa kichwa, ambacho hupokea mawimbi ya simu kwa karibu, mpaka kwa raia uliwekwa kuwa wati 2 kwa kilo, kwa wastani wa kila gramu 10 za tishu.

Mambo mawili yanapaswa kuzingatiwa hapa. La kwanza, kigawanyo cha 50 si hila. Ni tahadhari ya kweli, na ndiyo sababu mpaka hauwezi kubezwa. La pili, kilichopimwa ni joto na tabia kwa muda mfupi. Mnyama hakuachwa katika mawimbi hayo maisha yake yote ili ionekane kama angepata uvimbe uzeeni. Mpaka ulijibu vizuri swali moja. Ubishi wa miaka iliyofuata ulihusu swali la pili, ambalo mpaka huo haukuundwa kulijibu.

4.0 Kutoka Adelaide 1997 Hadi Kigali 1998

Swali la pili lilikuwa limeanza kuulizwa mapema. Katika miaka ya 1980, Arthur Guy na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, kwa ufadhili wa Jeshi la Anga la Marekani, waliwaweka panya 100 katika mawimbi hafifu ya megahezi 2450 kwa muda wa miezi 25, na panya wengine 100 wakawekwa katika hali ile ile bila mawimbi. Uvimbe wa saratani ulionekana kwa panya 18 wa kundi la kwanza na 5 wa kundi la pili. Lakini uvimbe huo ulikuwa wa aina nyingi tofauti, bila aina moja kujitokeza wazi, na watafiti wenyewe wakasita kuufanya ushahidi. Mwaka 1995 Henry Lai na Narendra Singh, wa chuo hicho hicho, waliripoti kukatika kwa nyuzi za DNA katika ubongo wa panya waliowekwa katika mawimbi kwa saa mbili. Maabara nyingine zilizojaribu kuurudia utafiti huo hazikukubaliana.

Jaribio la kwanza lililotikisa dunia kwa kutumia mawimbi ya simu yenyewe lilichapishwa mwaka 1997, mwaka mmoja kabla ya MTN kuanza kazi Kigali. Michael Repacholi na wenzake, huko Adelaide, Australia, walitumia panya wadogo waliobadilishwa jeni ili wawe wepesi kupata limfoma, yaani saratani ya seli za kinga. Panya 101 waliwekewa mawimbi ya aina ya GSM ya megahezi 900 kwa nusu saa mara mbili kwa siku, hadi miezi 18. Wengine 100 hawakuwekewa. Limfoma ilipatikana kwa asilimia 43 ya waliowekewa na asilimia 22 ya wasiowekewa.

Matokeo hayo yalihusu mawimbi ya aina ile ile iliyokaribia kuenezwa juu ya vilima vya Kigali. Mwaka 2002 utafiti mwingine, uliofanywa mjini humo humo Adelaide kwa panya wa aina ile ile, haukuona ongezeko lolote, na utafiti wa Italia wa mwaka 2007 haukuliona pia. Tofauti moja ya kiufundi ilibaki ikijadiliwa: panya wa mwaka 1997 walikuwa huru vizimbani, hivyo kiasi alichofyonza kila mmoja kilibadilika sana kulingana na alivyosimama na alivyojikunja, panya wa baadaye walibanwa ndani ya mirija ili kipimo kiwe sahihi. Anayetafuta usahihi wa kipimo humbana mnyama, na anayetafuta maisha ya kawaida ya mnyama hupoteza usahihi wa kipimo. Wabunifu wa majaribio yaliyofuata walilazimika kutatua fumbo hilo.

5.0 Jaribio Kubwa na Neno Lililobadilika

Mwaka 1999 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliiomba Programu ya Taifa ya Sumu ya nchi hiyo, NTP, ichunguze mawimbi ya simu. Utafiti huo ulichukua karibu miongo miwili na kugharimu takriban dola milioni 30. Wataalamu wa Uswisi walibuni vyumba vya chuma ambamo mawimbi yaliakisiwa kila upande, ili mnyama aweze kutembea huru huku kiasi anachofyonza kikijulikana. Vyumba hivyo vikajengwa katika maabara mjini Chicago. Panya wakubwa waliwekewa mawimbi ya megahezi 900 tangu wakiwa tumboni mwa mama zao, kwa takriban saa tisa kwa siku, hadi miaka miwili. Panya wadogo waliwekewa ya megahezi 1900.

Ripoti ya mwisho ilitolewa Novemba 2018. Katika kila kundi la panya wakubwa 90 wa kiume waliowekewa mawimbi ya GSM, shwanoma ya moyo, yaani uvimbe mbaya wa seli zinazofunika mishipa ya fahamu, ilipatikana kwa 2 waliopewa wati 1.5 kwa kilo, 1 aliyepewa wati 3, na 5 waliopewa wati 6. Katika kundi la ulinganisho la panya 90 haikupatikana kwa yeyote. Kwa panya wa kike na kwa panya wadogo, dalili zilikuwa tata. Jambo lingine lilimkwaza kila msomaji: panya wa kiume waliowekewa mawimbi waliishi muda mrefu kuliko wenzao wasiowekewa, ambao wengi walikufa mapema kwa ugonjwa wa figo.

Historia ya ripoti hiyo ni historia ya neno pia. Rasimu ya Februari 2018 iliyaweka matokeo ya moyo katika daraja la ushahidi kiasi. Mwezi uliofuata, jopo la wataalamu wa nje lilipendekeza daraja lipandishwe, na ripoti ya mwisho ikaandika ushahidi bayana. Hakuna panya aliyeongezeka wala aliyepungua kati ya Februari na Novemba. Kilichobadilika ni hukumu juu ya panya wale wale. Kisha Mamlaka ya Chakula na Dawa, iliyokuwa imeuomba utafiti huo, ilitangaza kwamba haikubaliani na daraja hilo na kwamba matokeo hayapaswi kuhamishiwa kwa watumiaji wa simu. Mwaka huo huo Taasisi ya Ramazzini ya Italia ilichapisha utafiti wa panya 2,448, wakiwamo wa kundi la ulinganisho, kuhusu mawimbi yaliyofanana na ya minara, nao ukaripoti ongezeko la uvimbe ule ule wa moyo kwa panya wa kiume katika kiwango cha juu kabisa cha mawimbi.

6.0 Yanayopotea Njiani

Habari za tafiti hizi zinapoingia katika Kiswahili, mambo matatu huwa katika hatari ya kuachwa mpakani.

La kwanza ni kiasi. Wati 1.5 kwa kilo, kiwango cha chini kabisa walichopewa panya wa NTP, ni karibu mara 19 ya mpaka wa raia kwa mwili mzima. Binadamu mwenye simu sikioni hufyonza mawimbi kichwani zaidi, si mwilini kote, na si kwa saa tisa za kila siku. Anayesema simu ilileta uvimbe kwa panya bila kutaja kiasi hajasema uongo, lakini hajasema kitu kinachoweza kutumika. Vilevile, anayesema kiasi kilikuwa kikubwa mno na kwa hiyo matokeo hayana maana hujisahau: majaribio ya sumu hutumia viwango vya juu kwa makusudi, kwa sababu idadi ya wanyama ni ndogo na athari adimu isingeonekana.

La pili ni aina ya mnyama. Kiswahili hutumia neno panya kwa wanyama wawili ambao maabara huwatenga kabisa, mkubwa na mdogo; nalo neno kipanya, ambalo lingeweza kusaidia, limekwisha kuazimwa na kompyuta. Matokeo ya NTP yalisimama juu ya tofauti hiyo hasa: mkubwa wa kiume alionyesha uvimbe, mdogo hakuuonyesha kwa uhakika. Sentensi isemayo kwamba panya walipata uvimbe wa moyo huwaunganisha waliopata na wasiopata. Mfasiri makini hana budi kuandika panya wakubwa na panya wadogo, na kutaja jinsia yao, hata kama sentensi itarefuka.

La tatu ni daraja la uhakika, ambalo hutatizwa na neno mionzi lenyewe. Neno hilo hutumika kwa eksirei, kwa tiba ya saratani hospitalini na kwa mawimbi ya simu. Mionzi ya eksirei ina nishati ya kung'oa elektroni kutoka kwenye atomi na hivyo kuweza kuharibu DNA moja kwa moja. Mawimbi ya simu hayana nishati hiyo, na athari yake iliyothibitishwa ni kupasha joto. Kama yana njia nyingine ya kudhuru, hilo ndilo linalobishaniwa. Msikilizaji aliyezoea mionzi kwa maana ya kwanza hulipokea swali likiwa tayari na jibu. Ndiyo maana makala haya yamechagua kusema mawimbi.

Pengo la uhakika lilionekana Mei 2011, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilipoyaweka mawimbi ya redio katika kundi la 2B, la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani kwa binadamu. Neno huenda ndilo lililobeba uamuzi wote, na ndilo jepesi kuliko yote kudondoka katika kichwa cha habari.

7.0 Waliopimwa na Wasiopimwa

Hukumu ya wanyama ilipaswa kulinganishwa na hukumu ya binadamu. Utafiti wa Interphone, uliochapisha matokeo yake makuu ya uvimbe wa ubongo mwaka 2010, ulihusisha nchi 13. Ule wa Mobi-Kids, kuhusu vijana, ulihusisha nchi 14. Katika orodha zote mbili hakuna nchi hata moja ya Afrika. Mapitio yaliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani yamezidi kuuonyesha mpasuko uliopo: yale ya mwaka 2024 hayakuona uhusiano kati ya simu na saratani ya ubongo kwa binadamu, ilhali yale ya mwaka 2025, yaliyopitia tafiti 52 za wanyama, yaliupa ushahidi wa shwanoma ya moyo na wa glioma, uvimbe wa ubongo, kwa panya wa kiume daraja la juu la uhakika. Binadamu na panya wametoa ushahidi usiolingana, na wataalamu bado wanabishana juu ya uzito wa kila upande.

Kwa Kigali, kutokuwapo katika orodha hizo si suala la heshima tu. Simu huongeza nguvu yake inapokuwa mbali na mnara au mlima unapoikinga mawimbi, na huipunguza mnara unapokuwa karibu. Katika nchi ya vilima elfu, mtu anayeongea bondeni anaweza kufyonza mawimbi ya simu yake kwa kiasi tofauti na yule aliye kileleni, na jamii inayoukataa mnara kwa hofu yaweza kuwa inaiongezea nguvu simu iliyo sikioni. Mazoea ya matumizi nayo yana sura yake: simu moja ya Tuvugane ilihudumia masikio mengi, na kila sikio kwa dakika chache. Tafiti za Ulaya hazikuundwa kuuona ulimwengu huo.

8.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa haimpi mkazi wa Nyamirambo sababu ya kuitupa simu yake, wala haimpi mtu yeyote haki ya kumwambia kwamba hakuna swali lililobaki. Inamwonyesha kwamba mpaka unaomlinda una msingi halisi, kwamba msingi huo ni joto, na kwamba kuhusu athari za muda mrefu panya wa maabara wametoa dalili ambazo bado hazijathibitishwa kwa binadamu. Mwenye kutaka tahadhari anaweza kuichukua bila hofu: kuongea kwa kipaza sauti au kwa waya wa masikioni, na kufupisha mazungumzo pale mtandao unapokuwa dhaifu.

Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, na Shirika la Mawasiliano la Afrika Mashariki, EACO, lina makao yake Kigali. Wasimamizi wa mawasiliano na wanaistilahi wa eneo hili, kwa hiyo, hawana umbali wa kusingizia. Kazi iliyo mbele yao ni mbili. Ya kwanza ni kukubaliana juu ya istilahi za madaraja ya ushahidi, bayana, kiasi na tata, ili raia anaposikia habari ya panya asikie pamoja nayo kiasi, aina na uhakika. Ya pili ni kupima: kujua simu za eneo hili hutoa nguvu kiasi gani mabondeni na vileleni, kwa matumizi ya watu wa hapa. Kabla ya vipimo hivyo, Kigali itaendelea kuongozwa na kima wa Pensacola na panya wa Adelaide na Chicago, ambao ushahidi wao ni wa thamani, lakini haukuwahi kuulizwa swali la Kigali.